Saa za Kalamu

Saa elfu moja na mia tano, anasema mtu wa bima kutoka Omaha,
mia mbili kati yake ziwe za injini mbili,
hamsini za mawinguni, macho hayatoki kwenye mishale,
kisha wiki mbili shuleni, katika kile chumba cha kuigiza
kinachotikisika bila kwenda popote.
Pungufu ya hapo, ada inapanda.
Ada ikipanda, mwenye ndege atanipigia mimi.

Mwenye ndege huuza chakula cha ng'ombe katika majimbo manne.
Ana viti saba vya ngozi na hana subira.

Basi nimekaa nyuma ya banda, Wichita, mwezi wa pili,
hita inakohoa, theluji imeganda dirishani,
na mezani vitabu viwili vya safari.

Cha kwanza ni cha kijana wa Dallas.
Saa elfu moja mia sita na kumi.
Kurasa zimenyooka kama shuka la hoteli:
mbili kamili, tatu kamili, mbili kamili.
Wino ule ule miaka minne.
Anga gani hii isiyo na chenji?

Cha pili ni cha Dallin Pankratz, wa huku huku kwetu.
Elfu moja mia moja tisini na nne, nukta sita.
Kinanuka dawa ya wadudu.
Nukta tatu: mtama wa akina Friesen, nusu shamba.
Nukta nne: upepo umegeuka, nimerudi na dawa tangini.
Nukta mbili: nimeogopa.

Nimesoma vitabu vya marubani miaka kumi na tisa.
Neno hilo sijapata kulikuta katika safu ya maelezo.

Injini mbili anazo saa thelathini na moja,
alizozilipia kwa kuuza pikapu.
Hajafika futi elfu arobaini,
kule samawati inakokaribia weusi
na kosa hukimbia maili saba kwa dakika.
Lakini kiti cha kulia, nawaambia wote wanaokuja,
ni kusoma orodha kwa sauti hata kama mnaijua,
ni kujaza kahawa,
ni kubeba masanduku ya mke wa mwenye ndege,
na siku moja, pengine moja tu maishani,
kumwambia mtu wa kiti cha kushoto, yaani mimi:
Bi Unruh, njia siioni. Tuinuke.

Mimi nilikuwa na miaka ishirini na minne,
jikoni kwa mama, mji wa Newton.
Zilipungua saa arobaini.
Nikaziruka zote usiku mmoja, kiti hakikusogea,
katika ndege niliyoibuni hadi namba ya mkiani.
Asubuhi vidole vilikuwa na wino. Nikaajiriwa.

Saa zile hazikusahau.
Juu ya Amarillo, miaka mitatu baadaye, barafu ikishika mabawa,
nahodha akaniuliza jambo dogo,
jambo ambalo mtu hujifunza katika saa kama arobaini hivi.
Nikanyamaza.
Yeye alijua jibu. Ndiyo maana naandika haya.

Simu inalia. Mwenye ndege.
Namwambia nimempata mtu, amepungukiwa mia tatu na ushei.
Kimya kidogo. Halafu, kwa sauti ya mtu anayeomba chumvi:
Na hamna namna ya kuziongeza hapo hapo?

Kalamu iko mezani. Ya bluu, ya benki.

Nasema ipo namna.
Ile ndege kuukuu ya vifurushi, ya pangaboi mbili, huruka kila usiku kwenda Salina;
ataziongeza humo, moja moja, pembeni yangu.
Akakata simu bila kwaheri.

Nikampigia Dallin. Hakunisalimu.
"Zangu hazitoshi," akasema.
Najua. Njoo Jumatatu, saa kumi na moja alfajiri.
Vaa buti. Kuna theluji ya kufagia mabawani kwanza,
na hiyo haihesabiwi.